Mchepuko wa Jiwe Jeupe

Mimi hasira zangu ziko karibu, nyumbani wanajua. Kaka yangu Rahim hunitania kwamba nikinuna hata maziwa dukani yanachacha. Lakini niambieni ninyi: miaka minne naandika hali ya barabara ya kushuka Mtowisa, kila asubuhi ya masika, bila hata asante. Nawapigia madereva, nauliza wapi pamekatika, wapi Fuso limekwama, naweka kwenye tovuti yangu. Chini naandika: Hamisa, dukani kwa mzee Selemani, Sumbawanga, na namba ya simu. Hiyo namba ndiyo kila kitu. Mvua moja tu inageuza barabara ile, kwa hiyo dereva mwenye shaka hunipigia kwanza.

Januari akazuka mtu na ukurasa wake wenye wafuasi elfu thelathini. Nikiandika, dakika ishirini hazipiti maneno yangu yako kwake, neno kwa neno, jina na namba vimekatwa. Nikamwandikia kwa adabu, kimya. Nikamwandikia bila adabu, akanizuia; tangu hapo namchungulia kwa akaunti nyingine. Mteja mmoja akaniuliza kama huwa nanakili kwa huyo bwana. Niliumia mpaka nikashindwa kumrudishia chenji yake.

Basi leo nikamtegea. Baada ya swala ya alfajiri niliandika ukweli mtupu, kwamba maji yamepita juu ya daraja la chini, halafu nikachomeka sentensi moja ya uongo: wenye magari wakate kushoto kwenye jiwe jeupe, mchepuko ni mkavu. Mchepuko huo uliliwa na korongo mwaka juzi. Unakwenda mita mia mbili, unapinda, kisha ardhi inaisha. Dereva yeyote wa Mtowisa anajua, hata utingo wake anajua, na ndiyo maana niliuchagua. Nani angeufuata? Baada ya nusu saa nikaufuta uongo ule kwangu. Kwake ulikuwa umeshakaa.

Nilijifungia stoo asubuhi nzima, nikipiga picha za skrini na kuwatumia watu: mwoneni mwizi wenu. Simu ililia mlio wa ujumbe mara kadhaa, sikujali. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka na mvua ilishaanza tena.

Saa sita Husna, mke wa Rahim, akaingia dukani kuchukua sukari.

"Wifi, leo nitapika kidogo tu," akasema. "Mwenzangu hatarudi mpaka kesho."

"Si kawaida yake? Wampembe ni mbali."

"Hajaenda Wampembe. Amos, dereva wa Mtowisa, kaamka na homa, ndiyo Rahim kapeleka yeye gari la Mtowisa."

Rahim ni dereva wa njia ya Wampembe, ziwani Tanganyika, tangu aanze kushika usukani. Bonde la Rukwa, iliko Mtowisa, halijui.

"Mbona hakuniuliza njia?"

"Alikuja. Akakusikia humo stoo unafoka, akasema hakuchokozi. Kwani kuna shida? Njia wametumiwa kwenye kundi la madereva."

Akanionyesha kwenye simu yake. Yalikuwa maneno yangu yote, na jiwe jeupe katikati, na chini hakuna jina la mtu. Lingekuwepo langu, kaka yangu angenipigia hata kwa kunitania tu, nami ningemwambia asimamishe gari.

Nikapiga. Hapatikani. Nikaandika, "Rahim simama, usikate kushoto, ule uongo ni wangu," ikabaki tiki moja. Husna alikuwa ameweka sukari chini, ananitazama.

"Wifi, umefanya nini?"

Nilirudi kwenye simu. Ndipo nikaona, juu kidogo ya huo niliotuma, ujumbe wa Rahim ambao sikuwa nimeufungua. Ulikuwa umeingia dakika arobaini zilizopita.

"Nimefika jiwe jeupe. Hawa jamaa wanaandika vizuri, Hamisa, ungekaa nao wakufundishe. Nakata kushoto."