Kicheko Kilichotangulia Mkono

Koti la mvua la rangi ya manjano lilikuwa moja tu mji mzima wa Baraka, na kila mtu alijua ni la Isidore, mpiga kengele wa kanisa. Mmisionari mmoja alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Lilikuwa na kofia iliyoshonwa shingoni, pana kama sufuria ya harusi, ukiivuta mbele uso wote unapotea. Kwa hiyo wazee wa kanisa walipoambiwa kwamba koti la manjano limeonekana Jumatano tatu mfululizo likiingia kwa mlango wa nyuma nyumbani kwa Henri, mwenye video zilizokatazwa na kanisa, hakuna aliyeuliza nani alikuwa ndani yake.

Aliyekuwa ndani yake ameketi palepale kwenye meza ya kikao, mkono wa kuume wa pasta, anakunja na kukunjua leso.

Huyo ni Rugema, muganga wa dispensari na mzee wa kanisa, mtu wa milimani aliyelelewa kwamba mwanaume mwenye heshima hafungui kinywa ovyo mbele za watu, si kwa kula, si kwa kucheka. Sindano yake ilijulikana kuanzia Swima mpaka Kazimia. Watu walimwamkia kabla hajawafikia.

"Isidore," Pasta Bonaventure akaanza. Kwenye karatasi za serikali Isidore alikuwa na jina lingine, maana miaka ile majina ya Kizungu yalikatazwa. Kanisani watu waliendelea kuitana walivyobatizwa, ila sauti ilishuka akipita mtu wa chama. "Hii koti ni ya nani?"

"Ni yangu, Pasta."

"Na ulienda kwa Henri kuangalia mambo ya mashetani?"

Isidore akamtazama Rugema. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyesimama kando ya njia nyembamba ili mwenzake apite kwanza. Rugema akaitazama leso.

"Koti ni yangu," Isidore akarudia. "Ile ingine sina ya kusema."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na maskini Isidore aliliwa na nguo yenyewe. Kila Jumatano Rugema alikuwa amemwendea na kumwambia iko mgonjwa njia ya Swima na mawingu yametanda. "Twaa tu, muganga," Isidore alimjibu mara zote, na mara zote alilipangusa koti kwanza kabla ya kumpa.

Sasa mtu atauliza: muganga mzima, mzee wa kanisa, alifuata nini kwa Henri? Alifuata Mjomba.

Ile kaseti haikuwa na jina wala jalada, na lugha yake hakuna aliyeijua, hata Henri aliyeivusha ziwa. Watu wenyewe waliipa jina, Mujomba Anakatala Kufa. Mjomba mnene anakufa anakula. Wanamlaza juu ya meza, halafu matanga yanaanza, watu wanakula na kunywa pembeni yake, wala hakuna anayemkumbuka. Basi anaamka kwa njaa. Anamng'oa mgeni wa kwanza sikio, anatafuna. Mpwa wake, bibi harusi mwenye gauni jeupe, anachukua msumeno na kumkata vipande, damu inaruka mpaka darini, inamwagika kwenye mchuzi, kwenye piano, kwenye meno ya mpiga piano. Na vipande havikubali. Mguu unacheza dansi peke yake. Kichwa kinaomba chumvi. Damu yenyewe ilikuwa na rangi ya nyanya ya kopo, na maiti mmoja alisahau kuvua saa.

Rugema alipenda uzi kuliko vyote. Mkono uliokatwa ulipotambaa, ukiangalia vizuri uliona uzi umefungwa kwenye kidole gumba, na mtu fulani huko nje ya picha anauvuta. Mara ya kwanza alipouona ule uzi alicheka mpaka machozi yakamlowesha kifua. Kule dispensari damu haikuwa na uzi. Bandeji zilifuliwa na kuanikwa zitumike tena, sindano zilichemshwa mpaka zikachoka, na mama aliyeletwa kwa machela kutoka Fizi akitokwa damu, Rugema alimshika mkono tu, kwa sababu mkono ndio alikuwa nao. Kwa Henri damu ilimwagika ndoo kwa ndoo na hakuna aliyemwita muganga. Alitoka mle mwepesi, halafu njiani aibu ikamkamata, akaivuta kofia ya koti mpaka puani.

Wazee wakagawanyika juu ya adhabu. Mama Suzanne, mkubwa wa bamama wa kanisa, akasema huwezi kuhukumu kitu ambacho hujakiona. Wakakubaliana waende wote kuiangalia, mchana, na Biblia.

Alhamisi asubuhi Henri alifagia, akaweka mablanketi madirishani, akawasha jenereta. Isidore aliketishwa mbele kabisa, koti limekunjwa magotini. Nyuma yake pasta, Mama Suzanne, wazee wengine, na Rugema aliyekuwa ameapa moyoni kwamba uso wake utakuwa jiwe.

Na ulikuwa jiwe. Sikio lilipong'olewa, Mama Suzanne akapiga kelele "Yesu!" lakini Rugema hakutikisika. Msumeno ukalia, damu ikaruka darini, pasta akafunika kinywa; Rugema akahesabu vifungo vya shati lake. Mguu ukacheza dansi. Alijiuma ulimi.

Kisha ikafika ile sehemu ya utulivu. Wafiwa wanadhani yamekwisha. Wanaketi tena, wanafumba macho, wanaomba. Kwenye kioo cha televisheni hakuna kitu ila kitambaa cheupe cha meza na kuku mzima juu ya sahani. Hakuna kinachosogea. Na ndipo Rugema akacheka.

Kicheko kilianzia puani, akakirudisha, kikapita masikioni, kikatoka na kinywa wazi. Wote waligeuka. Akajaribu kukifanya kikohozi. Kitambaa cha meza bado kilikuwa kimetulia, wafiwa bado wanaomba, na muganga amejikunja anacheka kitu ambacho hakijatokea.

Ndipo mkono ukatoka chini ya meza na kumnyakua kuku.

Mama Suzanne aliutazama mkono, akamtazama Rugema, akalitazama koti kwenye magoti ya Isidore. Pasta naye vilevile. Mwezi uliopita surua ilimshika mtoto wa pasta, na Rugema alilala siku nne kwenye kiti kando ya kitanda chake. Pasta akakigeukia kioo.

"Henri, zima," akasema.

Nje, jua linawachoma, akatoa hukumu bila kumwangalia mtu. "Tumeona. Ni mambo ya giza. Isidore atakaa benchi ya nyuma miezi tatu, na asiguse kengele." Akaihamishia Biblia kwapani. "Kengele atapiga Muganga Rugema."

"Ndiyo, Pasta," Rugema akasema.

Mpaka leo hajui kama pasta alikuwa anamficha au anamchapa. Alichojua ni kwamba wote wamejua, na wote wamenyamaza kwa ajili yake, na mzigo umebaki pale pale kichwani pa mtu aliyempangusia koti. Wangemtukana ingekuwa nafuu. Masikio yalimwaka njia nzima. Nyumbani hakula, na mke wake alipouliza alisema tumbo.

Jumapili mvua ilianza alfajiri. Kengele ya kanisa ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na Isidore alikuwa na mapigo yake: matatu, anapumua, mawili. Rugema aliipiga kama mtu anayefukuza mbuzi. Kila nyumba ilijua si Isidore. Shati lilimganda mgongoni, chuma cha kupigia kikamteleza mkononi, akakiokota, akaendelea.

Isidore akaja akiruka madimbwi. Yeye mwenyewe amelowa chapachapa, koti amelibana kwapani lisipate maji.

"Muganga, vaa," akasema. "Utalowana bure, na kesho bagonjwa banakungoya."

Rugema akalipokea. Akalivaa, akaivuta kofia mbele mpaka uso ukapotea, kama Jumatano. Halafu akaingia kanisani kwa mlango mkubwa.

Wimbo ukafa katikati. Koti la manjano lilipita kati ya mabenchi likidondosha maji, halikwenda kwenye kiti cha wazee, likasimama mbele ya watu wote. Alikuwa amepanga maneno mengi. Yalibaki machache.

"Ni mi," akasema, akaishusha kofia. "Zile siku tatu zote, ndani ya hii koti, ni mi Rugema. Isidore hajakanyaga kwa Henri. Na mi nilifurahi. Nilicheka sana."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kulitamka. Pasta Bonaventure aliifunga Biblia, kidole kikabaki ndani.

"Tulijua, muganga," akasema polepole. "Bwana atusamehe, sisi wote tulijua."

Mama Suzanne akainamisha kichwa, na benchi lote la wazee likafuata. Rugema hakuketi nao. Akaenda nyuma kabisa, kwenye lile benchi la wenye makosa. Pasta akamwambia Isidore arudie kengele yake. Isidore akajibu kwamba ya kuingia imeisha kulia, atapiga ya kutoka, na akaketi karibu na Rugema, maji yanamchuruzika.

Wakaombewa. Watu wote wakafumba macho. Katikati ya maombi Rugema akasikia pumzi sikioni.

"Muganga. Mi niliogopa, nilifunga macho tangu mwanzo. Ule mukono ulikuwa unatafuta nini?"

Rugema akazidi kufumba macho.

"Muganga."

"Kuku," akanong'ona.

"Ulimupata?"

"Muzima."

Benchi likaanza kutetemeka, kwanza upande wa Isidore. Rugema akaiuma kola ya koti, macho yamejaa machozi, akaomba maombi yasiishe upesi.