Pigo la Emiliana

Niliisikia ngoma kabla sijaona mtu. Siku hiyo upepo wa mtaa wa Nkuhungu ulikuwa umeinua vumbi hata nyumba ya jirani imepotea, na ndani ya vumbi hilo akina mama walikuwa wanafanya mazoezi ya muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, nyuma ya kanisa. Nikasimama njiani. Ngoma kubwa iliita, ndogo zikajibu, na katikati ya jibu palikuwa na shimo. Ikaita tena. Shimo likarudi pale pale, kama pengo la jino mdomoni mwa mtu anayecheka.

Mimi ushairi sikufundishwa na mwalimu. Nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku nachunga mbuzi kijijini Chilonwa, na leo hakuna mtu Dodoma hii atakayenidanganya kwa sauti. Mstari ukipungukiwa mizani moja, mwili unaniwasha. Basi nilikata kona ya kanisa nikiwa nimeshakasirika, namtafuta anayeharibu.

Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, ngoma wamezibana kati ya mapaja, nyusi zimejaa vumbi. Nafasi moja ilikuwa wazi. Ilikuwa ya Emiliana, aliyekwenda msibani Mpwapwa. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, pengo ni lake. Kisha nikaitazama mikono ya mwanamke aliyekuwa pembeni ya nafasi hiyo. Wa kulia ulishuka. Wa kushoto ukabaki juu kidogo, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuitika, halafu ukaanguka wakati wenzake wameshapita.

Mikono hiyo ilikuwa ya dada yangu Zipora.

Mjini hapa nani hamjui? Bingwa wa ngumi ambaye hakuna mwanamke aliyewahi kumshinda, wala kutoka naye sare. Miaka sita iliyopita alivua glovu ili amuuguze mama yetu, na mama alipofariki hakuzivaa tena. Akalima uwele, uwele ukakauka, msimu uliofuata ukakauka tena. Mumewe akaenda Kibaigwa kupakia mahindi, akapata mke mwingine huko huko. Dada akabaki na jina lake, na hilo nalo likaanza kuliwa. Msichana mmoja kutoka Tanga, Asma, aliyekuwa anawaangusha wote waliobaki, akasema redioni: "Zipora hajapigwa kwa sababu alitoka zamu yangu haijafika. Mtu akikimbilia ndani kabla ya mvua, asijisifu kwamba hakulowa."

Nilipoyasikia maneno yale nilikuwa wa kwanza kumwambia dada arudi. Damu ilinichemka kama nimetukanwa mimi. Habibu, promota wa Kondoa, akaja na glovu mpya na mabango, pambano likapangwa Jumamosi inayofuata. Akina mama wa muheme wangemwingiza ukumbini kwa ngoma, na mimi ningesimama ulingoni nimsifu kwa shairi. Nilikuwa nimeshalitunga:

*Zipora mwana wa Gogo, ngumi yako radi kavu,*
*Waliokuona dogo, leo wauguza mbavu.*

Ukumbi mzima ungenisikia. Nadhani nilikuwa naisubiri Jumamosi ile kuliko yeye.

Mazoezi yalipoisha nilimfuata Mama Evelina, kiongozi wao, aliyekuwa anaifunga ngoma yake kwa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona macho yamekutoka, umekosa kina?"

"Mkono wa dada una nini?"

Akaendelea kukaza fundo. "Mkono gani?"

"Mama, mimi nina masikio."

Akageuka kuhakikisha Zipora ameshaondoka. Kisha akakaa juu ya ngoma yake.

"Tangu mavuno ya mwaka juzi," akasema. "Mwanzoni ulikuwa unachelewa mara moja moja. Sasa ni kila wimbo. Emiliana anakaa pembeni yake, anapiga pigo lake na la Zipora. Leo hayupo, ndiyo maana umesikia."

"Dada anajua?"

"Atajuaje? Anachosikia ni ngoma iliyokamilika."

"Na hamkumwambia."

"Mwenzako akikosea ngoma unamjazia, unaendelea kuimba. Ukimnyooshea kidole umemvua nguo mbele za watu. Tulidhani ni uchovu. Halafu tukasema ni majonzi ya mama yake. Halafu tukazoea."

"Mama, Jumamosi anapanda ulingoni. Kule nani atamjazia?"

Alifuta vumbi kwenye ngozi ya ngoma, ingawa halikuwa linafutika. "Kamwambie wewe. Mimi kila nikifungua mdomo unatoka wimbo."

Njiani nilikuwa nakimbia bila kujua kwamba nakimbia. Mambo yakaanza kunijia moja baada ya jingine. Kikombe alichokiangusha akasema kina mafuta. Ndoo anayoibeba kwa mkono wa kulia tu. Magauni yenye vifungo aliyoyagawa akisema yamepitwa na wakati. Nilikuwa nayaona yote, mimi mwenye macho ya kuona vina.

Nilimkuta uani, analipiga gunia la mchanga lililoning'inia kwenye boriti.

"Dada, usipande."

Akacheka bila kuacha kupiga. "Umelala upande gani wewe? Juzi ulisema nitamkunja Asma kama mkeka."

Nikamwambia yote. Aliacha kupiga, gunia likabaki linayumba kati yetu.

"Pengo ni la Emiliana," akasema. "Hayupo. Kila mtu amesikia."

"Ni lako, dada. Emiliana alikuwa analiziba."

"Daktari aliyeletwa na Habibu kanipima presha. Kaniambia nyoosha mikono, nimenyoosha. Wewe udaktari umesomea wapi, kwenye mbuzi?"

"Ndiyo, kwenye mbuzi. Mbuzi hawana promota."

Hakucheka tena. Akaja mpaka karibu yangu, jasho lake limegeuka matope shingoni.

"Unajua ninavyoitwa sokoni Majengo? Zamani walikuwa wananiita, bingwa, pita uchukue nyanya. Sasa wananong'onezana, yule ndiye aliyekuwa. Aliyekuwa, kama marehemu. Shamba limekufa, mume kaenda, mama yuko kaburini. Nimebaki na kitu kimoja, na wewe unataka nikitupe kwa sababu ya ngoma?"

"Utakufa kule juu."

"Na hapa chini nafanya nini?"

Mimi ambaye maneno hayajawahi kuniishia, nilipiga magoti vumbini nikamshika miguu, nikamwomba kwa jina la mama. Sikujali kama jirani anachungulia. Alinivuta shati akaninyanyua, kwa mkono wa kulia.

"Simama. Nipige."

"Siwezi kumpiga dada yangu."

"Hutanifikia. Hakuna aliyenifikia. Nipige, halafu kayafute maneno yako."

Akasimama vile nilivyomwona tangu nikiwa mdogo, kidevu chini, mikono juu, mzuri kuliko shairi lolote. Nikarusha ngumi yangu ya kulia, polepole, kwa woga, kama mtu anayemtupia jiwe mbwa wa jirani. Niliyaona macho yake yakiiona. Niliona bega likishtuka. Ngumi ikatua shavuni, na ilikuwa imeshatua ndipo mkono wake wa kushoto ukafika, ukanigonga kiganja kilichokuwa tayari kinarudi. Sauti mbili, na kati yake lile shimo.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena. Shavu, kimya, kisha mkono.

"Tena."

"Hapana." Nilikuwa nalia. "Dada, hapana. Mimi hata kuku sijui kumkamata, na nimekupiga. Asma je?"

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango. Aliuweka mkono wa kushoto juu ya goti akautazama, kama unavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Niliiona inakuja," akasema.

"Najua."

"Niliuambia mkono."

Upepo ulipita na gunia likayumba. Shavu lilikuwa linaanza kuvimba, na aliyelivimbisha ni mimi, nisiye na mkanda wala glovu.

"Emiliana," akasema polepole. "Na mimi nilikuwa namcheka, namwambia anapiga kwa kiherehere." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Wote walijua?"

"Akina mama wa ngoma tu."

"Walinipenda vibaya."

"Jumatatu tunaenda hospitali. Si kwa daktari wa Habibu."

"Hospitali nitaenda. Mkono nimeuona, mimi si mjinga." Akainua macho, na yalikuwa macho ya mtu aliye chini ya kisima. "Lakini jina? Nisipotokea, Asma atarudi redioni. Atasema, niliwaambia, amekimbia tena. Nitapita njia gani mji huu? Huo mdomo wako uliokuwa unanitangaza, siku hiyo utakuwa wapi?"

Nikauona ukumbi. Watu waliokuja kutazama ngumi, wamenunua viti, wamepiga pombe, halafu anatokea kijana mmoja na maneno. Wangenizomea mpaka paa lisikie. Chupa zingeruka. Shairi langu la radi kavu lingebaki mfukoni, na jina nililokuwa nalitafuta miaka yote lingezaliwa siku hiyo hiyo likiwa kichekesho. Sikupenda.

"Nitakuwa kule," nikanong'ona.

"Sikusikii. Asma alisema redioni, wewe unaniambia kwa kunong'ona? Sema wasikie majirani."

Basi nikasimama katikati ya ua, nikaushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu yote miwili, nikasema kwa sauti ya kuushinda upepo:

"Dada Zipora, Jumamosi nitapanda ulingoni mimi. Asma akiwa pale, ukumbi umejaa, nitawaambia kwamba hukumkimbia mtu, kwamba mkono wako umeugua na wewe mwenyewe umeukubali ugonjwa wako wazi, bila mtu wa kukujazia pigo. Wakinizomea nitanyamaza mpaka wachoke, kisha nitaanza upya. Nakuahidi, sitashuka mpaka nimalize."