Ng'ombe wa Jirani

Kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa Chelangat kuna njia fupi, na kila mtu wa Mwariki ya chini anaijua. Siku mamake alipokuja kutoka Olenguruone, Chelangat hakuipita. Alimzungusha mama wa watu nusu ya mji wa Nakuru, kiroba cha viazi mgongoni, kwa sababu ile njia fupi inapita pale ziwa lilipomeza nyumba. Mtu akishaona mabati yakichungulia juu ya maji, hana haja ya kuuliza swali. Atamchukua mtoto aende naye.

Mtoto ni Winrose, wa miaka minne. Mama yake Chelangat, Cheptanui, ambaye Winrose humwita Kogo, alikuwa amesema waziwazi kwenye simu: "Nakuja kuona mahali mjukuu wangu analala. Nikiona ni pabaya, narudi naye." Na Cheptanui si mtu wa kusema jambo mara mbili. Kigen, babake Winrose, alikuwa akifanya kazi ya shamba kule Ndabibi na kurudi mwisho wa mwezi. Bila mtoto, Chelangat angebaki na kuta nne.

Kwa hiyo alimpitisha Milimani kwanza, mahali alipofanya kazi ya nyumba kabla hajaolewa. Lami safi, miti ya jakaranda, kuta ndefu zenye nyaya juu. Barabarani hapakuwa na mtu. Mbwa mmoja alibweka nyuma ya geti, wa pili akamjibu, mara mtaa mzima ukawa ni mbwa. Cheptanui akamshika bintiye mkono.

"Hawa watu wamehama?"

"Wako ndani, Mama."

"Wamefungiwa na nani?"

Chelangat alicheka kidogo, lakini tumbo lake lilikumbuka. Enzi zile akilala chumba cha nyuma, hakuthubutu kwenda choo mpaka asikie mlinzi akiita mbwa kwa majina na kuwafunga.

Wakashuka hadi Kaptembwo. Huko ghorofa zimebanana, nguo zinaning'inia kila dirisha, muziki wa duka hili unapigana na wa duka lile, na moshi wa mutura, utumbo wa kuchoma, unakufuata hadi kona.

"Hapa nao wote wametoka nje," Cheptanui alisema, amekumbatia kibeti chake kama mtoto mchanga.

Chelangat na Kigen waliishi hapo mwanzo wa ndoa yao. Alichokumbuka ni hatua za miguu kwenye ngazi. Zinapanda, zinapanda, halafu zinasimama nje ya mlango wako, na hakuna anayebisha. Ndiyo maana walihamia chini, kwenye nyumba za bei nafuu ambazo watu wengine walikuwa wakizikimbia.

Walipofika Mwariki ya chini, uso wa Cheptanui ulilegea. Nyasi ndefu, vitalu vya mboga ya sukuma nyuma ya nyumba, kimya, hewa.

"Hapa panafanana na nyumbani," alisema.

Moyo wa Chelangat ungetulia hapo, lakini kando ya fensi palikuwa na mavi. Hayakuwa yameanguka mahali pamoja. Yalikuwa yametapakaa kwenye nyasi na ukutani, kama mtu ameyarusha kwa sepetu. Cheptanui, aliyezaliwa na kuzeekea kwenye zizi, alisimama akayatazama.

"Haya ni ya nini?"

"Ng'ombe," Chelangat alisema haraka. "Ng'ombe ya jirani."

"Jirani gani?"

"Wa hapo juu."

"Huyo ng'ombe ni mgonjwa. Na hawamfungi?"

Jirani wa karibu, Wariara, alikuwa ameinama akichuma sukuma ya kuuza. Aliinua kichwa. "Ng'ombe!" alisema. "Kubwa, mathe! Hiyo ukiikamua utajaza ziwa." Kisha akaona macho ya Chelangat, akarudi kwenye sukuma yake.

Jioni, Winrose akiwa ndani na nyanyake, Chelangat na Wariara walikutana kwenye mfereji wa maji. "Wewe Chela," Wariara akasema, "mwambie mama yako ukweli. Kiboko ikija tuanze kugonga sufuria, utamwambia ni harusi?"

Kwa maana hivyo ndivyo walivyoishi tangu ziwa lipande. Kila nyumba ilitundika sufuria kuukuu na mwiko kando ya mlango. Anayemwona kiboko anagonga, wengine wanadakia, mtaa unalia kama radi ya bati mpaka mnyama akimbilie majini.

"Anakaa siku mbili tu," Chelangat alinong'ona. "Nitamwambia kesho."

"Na hiyo sauti yako ya panya? Hata mimi hapa nakusikia nusu."

Usiku ule Chelangat alilala macho wazi, akisikiliza nyasi. Hazikukatwa na meno ya kiboko. Hakukuwa na pumzi nje, hakukuwa na sufuria. Usingizi ulimshika karibu na alfajiri, na alipozinduka, kitandani upande wa mamake palikuwa patupu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nje, kamba ya kuanika nguo haikuwepo.

"Winrose! Kogo ameenda wapi?"

"Kurudisha ng'ombe," mtoto alisema ndani ya blanketi. "Amesema inakula sukuma ya Mama Wariara."

Miguu ya Chelangat ilitoka kabla yake. Alifunga mlango kwa nje, mtoto akiwa ndani, akasimama kwenye baridi. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani na harufu yake ya magadi, mzito, hata fensi haikuonekana vizuri. Alisikia kabla hajaona. Nyasi zikikatwa, mafungu kwa mafungu. Pumzi nzito, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Halafu sauti ya mamake, ile ile ya zizini Olenguruone, laini, ya kubembeleza: "Ptruu, mama, ptruu. Twende kwenu."

Kisha ukungu ukasogea kidogo, akaona mgongo. Ulikuwa mpana kama tangi la maji lililolazwa, ukiwaka unyevu. Na mbele ya mgongo ule, upande wa ziwa, alisimama mamake na kamba mkononi.

Upande wa ziwa. Cheptanui alikuwa amezunguka chini ili amrudishe mnyama juu, vile mchungaji yeyote angefanya. Si aliambiwa mwenye ng'ombe anakaa juu? Chelangat ndiye aliyemwambia.

Na Mwariki ya chini, hata mtoto anayetambaa amefundishwa jambo moja: usisimame katikati ya kiboko na maji.

Chelangat alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Nyuma yake mlango wa Wariara ulilia bawaba. Akasikia sufuria ikitunguliwa kwenye msumari.

Ikigongwa ile sufuria, kiboko atakimbilia majini. Atampitia mamake kama nyasi.

"Wariara, usigonge!"

Sauti ilikuwa kubwa hata mwenyewe hakuijua. Kichwa cha kiboko kikainuka, masikio yakacheza. Cheptanui akakiona kile kichwa kwa mara ya kwanza, na mkono wenye kamba ukabaki hewani.

"Mama! Hiyo sio ng'ombe!" Sasa alikuwa akiita kwa lugha yao ya nyumbani. "Usije huku! Ingia nyuma ya ukuta! Ukuta, Mama, mkono wa kushoto!"

Ulikuwa ukuta wa nyumba iliyoachwa, nusu ndani ya maji. Cheptanui hakuuliza. Alitupa kamba, akaingia majini hadi magotini, akapotea nyuma ya tofali. Papo hapo kiboko akaondoka. Hakuna anayeamini kwamba kitu kile kinaweza kukimbia mpaka akione. Ardhi ilitetemeka hadi kwenye meno ya Chelangat, kisha maji yakapasuka, kisha kukawa kimya.

"Yesu wangu," Wariara alisema, sufuria kifuani.

Chelangat alimkuta mamake ameshikilia tundu la dirisha, akitazama ndani. Kiti cha plastiki kilikuwa kikielea sebuleni. Kalenda ilikuwa bado ukutani.

"Hawa walikuwa na watoto?" Cheptanui aliuliza.

"Watatu."

Walirudi ndani, Chelangat akachemsha chai. Cheptanui aliweka kikombe chini.

"Nilikuwa nimenyoosha mkono nimguse," alisema. "Nikajiuliza, ng'ombe gani hii haina manyoya." Alimgeukia bintiye. "Chelangat. Ulikuwa unaogopa nini zaidi, huyo mnyama ama mimi?"

"Wewe."

Mamake alitikisa kichwa polepole, kisha akaanza kukunja nguo za Winrose. Chelangat alitaka kubisha. Badala yake akaleta sweta nyekundu iliyokuwa kwenye msumari na kuiweka juu ya nyingine.

Mara hii walipita njia fupi. Mabati yalichungulia majini, vilele vya nguzo za fensi vikiwa vimesimama kwa safu. "Hapo ndipo Sue alikuwa anakaa," Winrose alimwambia nyanyake kwa furaha, akionyesha. "Nyumba yake iko ndani ya maji sasa." Cheptanui alimshika mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Kwenye barabara kuu alisimama. "Siku ukipata nyumba huko juu, piga simu. Nitamleta mwenyewe."

"Hata Kaptembwo?"

"Hata Kaptembwo. Na hii njia nitaipita tena, nione kama umehama kweli."

Chelangat alirudi peke yake. Kamba yake ilikuwa ikielea karibu na matete, hakwenda kuichukua. Jua lilipoanza kuzama alitungua sufuria mlangoni, akakaa nayo kitandani, pale ambapo Winrose hulala. Nje nyasi zikaanza kukatwa, mafungu kwa mafungu. Alichungulia dirishani kwanza, akahakikisha upande wa ziwa hakuna mtu. Kisha akagonga, kabla ya mtaa wote.