Wote Wanne Warudi

"Wewe mzee mwenye reki, sogea kidogo," kijana wa kamera alisema. "Unamziba mama."

Royston Beddows akasogea. Akasogea mpaka mgongo wake ukagusa mabati ya geti, pale lilipobandikwa tangazo la kampuni ya nyumba: familia ya kuchorwa, bustani ya kuchorwa, mbwa wa kuchorwa. Mbele yake, mahali alipokuwa amesimama yeye tangu asubuhi, Maxine Oldacre alikishika kipaza sauti cha televisheni kama mtu aliyezaliwa nacho mkononi.

"Uwanja ukifa haufi siku moja," Maxine alisema. "Unakufa kila wiki, siku ile ile ya mbio, saa ile ile."

Watu wakashangilia. Honi zikalia. Hata Royston alihisi nywele za mikono zikimsimama, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Tangu ujana wake alikuwa mtu wa reki pale Dunnock Lane, uwanja wa mbio za pikipiki wa Tipsley, kona ya kwanza. Pikipiki nne, zisizo na breki, zilizunguka mara nne zikipinda kushoto tu, tairi za nyuma zikirusha changarawe nyekundu mpaka kwenye nyuso za watu na ndani ya vikombe vyao vya chai. Zikimaliza, Royston na wenzake waliingia mbio. Changarawe yote ilikuwa imetupwa nje, imerundikana chini ya ukuta, nao waliivuta kuirudisha ndani, wakaisawazisha, wakatoka. Kisha nne nyingine. Hakuna aliyemtazama mtu wa reki. Huo ndio wakati wa kununua chipsi na kwenda chooni. Yeye hakujali. Mchana aliunga makufuli kiwandani, kufuli juu ya kufuli, mali ya watu. Lakini Jumatano jioni kona ile ilikuwa yake, na mpanda pikipiki aliyeingia pale kwa kasi asianguke alikuwa amebebwa na mikono ya Royston, ajue asijue.

Sasa geti lilikuwa na mnyororo mwaka wa pili, magugu yamepanda hadi kwenye mstari wa kuanzia, na anayeulizwa habari za Dunnock Lane alikuwa huyu Maxine. Mshabiki wa Mbweha, timu ya Ansford!

Hilo halikumezeka. Watu wa Tipsley na watu wa Ansford hawakupikika chungu kimoja. Mbweha walipokuja kushindana, Maxine ndiye aliyesimama mbele ya wenzake pale konani, koti la jinzi limejaa beji hadi halionekani kitambaa, sauti kali kama honi. Kila Royston alipoinama, ilimfuata: "Wee mwenye reki! Umedondosha meno?" Na nusu ya uwanja ikacheka, pamoja na watu wa Tipsley wenyewe.

Halafu uwanja wa Ansford ukauzwa, pakajengwa ghala la vifurushi. Zamu ya Tipsley ilipofika, Maxine alikuja kwenye mkutano wa kwanza wa mashabiki, akakaa kiti cha nyuma na koti lake lile lile lenye mbweha, akanyoosha mkono. "Sisi tulichelewa kupiga kelele," alisema. "Nyie msichelewe." Trevor Hickin, mwenyekiti wa mashabiki, mtu mzima mwenye kitambi, akalia machozi mbele ya watu. Tangu siku hiyo ikawa Maxine kasema, Maxine kashauri, mwulizeni Maxine.

"Leo nimeambiwa nisogee," Royston alimwambia mkewe wakati wa chakula cha jioni.

"Si ulisogea?" Beryl alisema.

"Beryl."

"Ungekuwa unamtamani ningejua la kufanya. Ningekupiga sufuria ya kichwa, yakaisha. Lakini mume wangu kumwonea mwanamke wivu kwa ajili ya maiki! Dawa yake siijui."

"Sina wivu mimi. Yule ni Mbweha."

"Alikuwa Mbweha. Sasa hana hata shimo la kurudi. Kula kunde zako, zinapoa."

Halmashauri ilitangaza siku ya kuamua kama kampuni ijenge nyumba pale uwanjani. Madiwani wangesikiliza kampuni, kisha upande wa wapinzani ungepewa msemaji mmoja, dakika tatu, halafu wapige kura. Wakikubali, matingatinga yangeingia kabla ya majira ya baridi. Wakikataa, kungekuwa na tumaini.

Kwa majuma mawili Royston alijizoeza hotuba bafuni. Hakumwambia mtu. Alijua Trevor angemchagua mtu wa siku nyingi, mtu wa hapa, na kwenye mkutano wa mwisho alivaa shati la harusi.

"Atasema Maxine," Trevor alitangaza. "Nadhani sote tumekubaliana." Watu wakapiga meza kwa viganja. "Na wewe Royston, kaka, una kazi muhimu."

Moyo wa Royston ukaruka.

"Una gari. Basi la Ansford halitabiriki. Utakwenda kumchukua."

Asubuhi ya siku yenyewe, Royston akiwa bado na povu la kunyolea shavuni, simu ya nyumbani ililia.

"Wametuwahisha!" Trevor alikuwa akihema. "Tulikuwa wa mchana, sasa sisi ndio wa kwanza. Maxine simpati, yuko kazini, kule jikoni kwa watoto wa shule, simu kaifungia kabatini. Mpitie sasa hivi. Sawa?"

"Sawa."

"Usichelewe, kaka. Yeye ndiye roho yetu leo."

Neno lile la mwisho ndilo lililoharibu. Royston alirudisha mkono wa simu taratibu. Akamaliza kunyoa. Akavaa shati la harusi, akatoka, akawasha gari, na kwenye mzunguko wa barabara, ambapo kushoto ni Ansford na kulia ni mjini, mtu aliyeishi na mbio za kupinda kushoto akapinda kulia.

Nje ya ukumbi wa halmashauri, alipomwona yuko peke yake, Trevor alibadilika rangi. "Yuko wapi?"

"Nimemkosa." Uongo ulitoka laini kuliko alivyotarajia. "Lakini mimi nipo. Naweza kusema."

Trevor alimtazama shati, akamtazama uso, akataka kusema jambo. Mlango ukafunguliwa, wakaitwa ndani.

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na zulia zito na harufu ya polishi. Mwanasheria wa kampuni alisema vizuri, bila jasho. Alisema nyumba, akasema ajira, akasema uwanja uliokwisha kufa wenyewe. Kisha mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya mnyororo, akasema, "Msemaji wa wapinzani. Bonyeza kitufe, bwana, uzungumze."

Royston akabonyeza. Kwenye shingo ya kipaza sauti ikawaka taa nyekundu.

Akanyamaza.

Haikuwa hofu. Ilikuwa mwili. Umri wake wote taa nyekundu ilikuwa na maana moja: mtu yuko chini. Injini zinazimwa, mbio zimekwisha, na mtu wa reki anasimama tayari, kimya, hana ruhusa ya kukanyaga mpaka majeruhi ainuliwe. Wakati huo hata mlevi wa Dunnock Lane hasemi neno. Royston alisimama mbele ya taa ile, mikono ikiwa ubavuni, akiitazama.

"Bwana Beddows?"

Akabonyeza tena. Taa ikazimika. "Ndugu madiwani," akasema, "mimi nimefanya kazi pale—"

"Hatukusikii, bwana. Washa."

Akawasha. Nyekundu. Mikono ikarudi ubavuni. Diwani mmoja kijana akainamisha uso akificha kicheko. Mwanasheria akatazama saa. Trevor alikuwa ameshika kichwa. Dakika zilikuwa zikienda, na kila Royston alipoiwasha taa ile alimwona mtu chini, na safari hii alimjua. Alikuwa jikoni Ansford amevaa aproni, asijue kwamba gari la kumchukua halikuja.

Mlango wa nyuma ukagonga ukuta.

"Wote wanne warudi!"

Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile ilikuwa imemtukana kwa miaka kutoka nyuma ya ukuta wa kona ya kwanza.

Taa nyekundu ikiwaka, refa humtafuta aliyesababisha, naye hutolewa mbioni. Wengine huanza upya bila yeye. Ila ikiwa wamevurugana kona ya kwanza na hakuna wa kulaumiwa, hutangazwa maneno hayo. Wote wanne warudi. Hakuna anayetolewa. Ndani ya ukumbi ule hakuna mwingine aliyekuwa ameelewa kwa nini mzee yule amekuwa bubu. Maxine alitazama mara moja tu, tangu mlangoni, akaelewa.

"Mama! Wasikilizaji wakae kimya!" mwenyekiti alisema.

"Samahani, mheshimiwa. Namkumbusha tu kwamba mbio zinaanza upya." Alikuwa na aproni bado, na kofia ya wavu kichwani. Nyuma yake Beryl, mwekundu kwa kupanda ngazi, alimwangalia mumewe kwa jicho la sufuria.

Royston akasogelea kipaza sauti. Akaiacha taa iwake.

"Mimi navuta changarawe," alisema. "Watu wakishairusha nje, mimi naivuta ndani. Hiyo tu. Msemaji si mimi. Msemaji ni yule. Nilitumwa nikamlete, sikumleta. Kwa makusudi. Naomba dakika zilizobaki apewe yeye."

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena. "Si kawaida," alisema. "Asogee."

Maxine alisema bila karatasi. Alisema kwamba Alhamisi jioni, siku ya mbio za Ansford, bado anavaa buti zake na kwenda kusimama nje ya ghala la vifurushi, mahali palipokuwa kona ya pili. Mlinzi alikuwa akimfukuza. Siku hizi humletea kiti. Alisema alimpata mumewe pale, akamzika akiwa na beji za pale, na wenzake waliokuwa wakisimama pamoja naye sasa hukutana mazishini tu. "Nyumba zinahitajika," alisema. "Mimi mwenyewe napanga. Lakini mkishatujengea, jioni tutoke twende wapi?"

Royston alisikiliza akiwa amekaa. Wivu, aliodhani ameutema, ukamrudia mzima mzima. Kila neno lilikuwa lile alilolitafuta bafuni akalikosa. Alimwonea wivu hata hasara yake.

Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mikono ya kukataa ilizidi kwa mmoja, na wa mwisho kunyooka ulikuwa wa yule diwani kijana. Mwanasheria akafunga mkoba wake akisema rufaa, rufaa. Hakuna aliyemsikia. Trevor alikuwa ameshamrukia Maxine, na watu nyuma yake, na aproni haikuonekana tena.

Royston aliteremka peke yake, akakaa kwenye ngazi za nje. Baadaye Maxine alikuja akakaa upande wa pili, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Beryl alikusikia kwenye simu, akakuona umevaa shati la harusi, akapiga simu ya shule," alisema. "Akawaambia kuna msiba."

"Najua sina la kusema."

"Basi usiseme." Akavua kofia ya wavu, akaikunja. "Ansford nako tulipewa msemaji mmoja. Hawakunichagua. Walimchagua mwalimu mmoja, anavaa tai. Usiku ule niliomba akwame kwenye lifti."

"Akakwama?"

"Wapi! Alifika mapema. Akasema vibaya, tukashindwa." Alitazama barabara. "Na unajua? Moyo wangu ulifurahi kidogo. Uwanja wangu unakufa, nami nafurahi. Kwa hiyo usinitazame kama padri."

Jumapili iliyofuata mwenye uwanja alifungua mnyororo, mashabiki waingie wang'oe magugu. Wengi walikwenda jukwaani na mifuko. Royston alikwenda konani. Maxine alifika hadi kwenye uwazi wa uzio akasimama, ncha za buti zake zimeishia pale zege inapokwisha na changarawe inapoanza.

"Unangoja nini?"

"Sijawahi kukanyaga ndani."

"Hakuna mshabiki aliyewahi," Royston alisema, na hakuficha fahari. "Ni sisi watu wa reki tu." Akamtupia reki ya pili. "Haya. Kutoka ukutani, kuja ndani. Usichimbe."

Akachimba. Alivuta kama mtu anayeburuta kiroba, akaacha mitaro, akarundika palipotakiwa kuwa tambarare.

"Unavuta vibaya."

"Nionyeshe."

"Tazama tu."

Lakini hakutazama. Aliendelea kuvuta huku akiongea na Beryl aliyekuwa juu jukwaani, akicheka, akiizunguka kona hatua kwa hatua. Royston akamfuata nyuma na reki yake, akifuta alama zake moja moja, akisawazisha, akinung'unika. Jua lilikuwa limeikausha changarawe iliyolala muda mrefu bila maji. Kila walipoigusa liliinuka vumbi jembamba jekundu, likatua juu yao wote wawili, kwenye nywele, kwenye kope, mabegani, na alipofika nusu ya kona Royston hakuweza tena kuona vizuri mistari ya nani inaishia wapi.