Mwisho Aliousimulia Fundi

"Lile gari limesimama," mteja wa saluni alisema, macho kwenye televisheni. "Tazameni vizuri. Jamaa anausokota usukani kama anakamua shuka, na barabara yenyewe imenyooka vile."

Msusi alicheka mpaka chanuo likamponyoka. Mteja naye akacheka, akajitikisa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine nywele zimesimama kama zimeitwa mkutanoni. Kwa hali ile hakuwa na pa kwenda. Angeitazama ile filamu apende asipende.

Mama Tochi hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya televisheni, anatenganisha nywele za bandia fungu kwa fungu na kumpa mjukuu wake aliyekuwa anasuka. Masikio yake yalikuwa kwenye pazia la mlango wa ndani, kwa sababu nyuma ya pazia lile alikaa mume wake, Fundi, na filamu iliwekwa kwa ajili yake.

Fundi hakuwa na neno.

Mwaka ulikuwa unapinduka tangu macho yake yazime. Giza lilianzia pembeni, likaja katikati pole pole kama taa za ukumbi zinavyofifishwa kabla ya picha kuanza, na daktari akasema hapa dawa zimefika mwisho wake. Yote hayo Mama Tochi aliyapokea. Kumshika mkono, kumwonyesha sahani iko wapi, kumwambia aliyeingia ni nani, hayo hayakumchosha. Kilichomchosha ni kimya. Maana huyu alikuwa mwanamume wa kusimulia. Akienda kununua kiberiti anarudi na habari za mtaa mzima, nani kagombana na nani, mbuzi wa nani katafuna nguo ya nani kambani. Mjukuu wao, huyu Msusi, Fundi alimwita mke mdogo tangu binti akiwa mtoto, kila siku anamdai chakula na kumtishia talaka, utani hauishi. Macho yalipokwenda, utani nao ukaenda. Siku moja Mama Tochi alimwomba amsimulie chochote, hata uongo. Alimjibu, "Nikusimulie nini, mimi sioni kitu." Toka siku hiyo ikawa ndiyo, hapana, asante.

Basi Mama Tochi akawa na hamu na mtu anayelala naye chumba kimoja.

Zamani walifanya kazi pamoja kwenye ukumbi wa sinema. Fundi alikuwa juu, kwenye chumba cha mashine, anabadilisha mikanda. Yeye alikuwa chini gizani na tochi yake, anawaonyesha waliochelewa viti vyao. Alifunika kioo cha tochi kwa vidole ili mwanga utoke mwembamba, uguse sakafu tu, usimkere mtu aliyekwishakolea kwenye picha. Jina lake lilitokea hapo, na likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Kazi ile ilikuwa na kasoro moja. Milango ya kutokea ilikuwa ya chuma, mizito, na mwenye ukumbi alitaka iwe wazi kabla taa hazijawaka, watu wasije wakakanyagana. Kwa hiyo kila filamu ilipokaribia kwisha, Mama Tochi alikwenda mlangoni, akavuta komeo, akalishika pazia zito kwa mikono miwili ili mwanga wa nje usiingie, akasimama uso barabarani, mgongo kwenye picha. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuuona mwisho wa filamu hata moja.

Mwisho aliupata kwa Fundi, njiani wakirudi nyumbani. Na alioupenda kuliko yote ulikuwa wa filamu moja ya majasusi ambayo watu waliiita Kisigino, maana mle ndani kuna mpiga chapa wa ofisi ya jeshi anayeiba siri, anaificha kwenye kisigino cha kiatu chake, na kumpelekea jasusi mwenye koti la kijivu. Wanapendana wale, ila hakuna anayemwambia mwenzake. Mwishoni wako kwenye kituo cha treni mpakani. Treni inaondoka, askari wanakuja mbio. Ndipo Mama Tochi alipolazimika kwenda mlangoni.

Fundi alimweleza kwamba yule mwanamke alilirukia behewa la mwisho, kiatu kimoja kikabaki chini, na jasusi alipopita akimtafuta behewa kwa behewa alimkuta amekaa dirishani, mguu mmoja mtupu, anacheka. Alimsimulia hivyo mara nyingi, na kila mara aliongeza kitu. Siku nyingine mvua ilikuwa inanyesha. Siku nyingine jasusi alivua koti akaufunika ule mguu.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Watu waliotoka kwenye Kisigino walimpita Mama Tochi pale mlangoni kimya kimya, wanaume wazima wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni. Alipomuuliza Fundi, akamwambia furaha ikizidi inakuwa hivyo. Akaridhika. Baadaye ukumbi ulifungwa, ukageuzwa ghala la magodoro, na habari za vumbi zikaishia hapo.

Asubuhi ya leo Mama Tochi alikuwa ameondoka peke yake kwenda kwa kijana anayewawekea watu filamu kwenye flashi. Jina halisi la filamu hakulijua. Alimweleza kisigino, koti, treni. Alipoona kijana haelewi akainuka kwenye benchi akamwigizia anavyotembea yule mpiga chapa, kifua mbele, kisigino kimoja anakikanyaga kwa hadhari, mpaka wateja wengine wakaacha shughuli zao kumtazama. Kijana alitafuta, akatafuta, akaipata. Nia ya Mama Tochi ilikuwa moja tu: Fundi aisikie, na ulimi umrudie.

Na sasa wanaicheka.

"Bibi, hii mliipendea nini?" Msusi aliuliza, wala si kwa ubaya. Aliona simu zenyewe ni kubwa kama ndoo, na ngumi haijamfikia mtu, mtu ameshaanguka. Mteja akadakia kwamba siku hizi jasusi angemtumia mwenzake ujumbe, filamu ikaishia hapo, watu wakaenda kulala.

Mama Tochi akaona amemletea mzee wake aibu mpaka kwenye kiti chake. Akanyoosha mkono aizime. Ndipo akaliona lile doa.

Lilikuwa juu ya picha, pembeni kulia, duara dogo jeupe. Likaja, likapotea. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuliona. Ni alama ya kumwambia mtu wa mashine kwamba mkanda huu unakwisha, ajiandae na unaofuata. Likija tena, anabadilisha. Aliyeihamisha filamu kwenye hizi flashi hakuhangaika kulifuta.

Nyuma ya pazia kiti kikalia. Mama Tochi akalivuta pazia pembeni. Fundi alikuwa ameinua mkono wa kulia, vidole vimekunjika hewani, mahali ambapo zamani palikuwa na mpini wa mashine. Doa likaja mara ya pili. Yeye hakuliona, na mkono ukashuka pamoja nalo.

"Hapo umeingia mkanda wa tatu," Fundi alisema.

Msusi alimtazama bibi yake.

"Na nani huyo anayecheka?"

"Ni mimi, Babu. Shikamoo," mteja alijibu.

"Marahaba. Cheka, mwanangu. Unadhani sisi hatukucheka? Gari lile likitokea, ukumbi mzima unapiga kelele: 'Shuka usukume!'"

Mteja akacheka tena, safari hii wakacheka pamoja na Fundi. Mama Tochi aliinama haraka kwenye nywele zake za bandia, akazitenganisha zilizokwisha kutenganishwa.

Kwenye televisheni jasusi alikuwa ndani ya kibanda cha simu, mvua inanyesha, anasubiri simu ilie. Hakukuwa na muziki. Picha ilikaa palepale: uso wake, kioo chenye matone, simu. Mikono ya Msusi ikapunguza kasi, halafu ikasimama, msuko mmoja umeshikwa katikati.

"Mbona hailii?" mteja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Subiri," Fundi akasema kutoka ndani.

"Na isipolia?"

"Subiri, mwanangu. Mwenzio anasubiri."

Wakasubiri wote. Habari za kutumiana ujumbe hazikutajwa tena. Simu ilipolia, mteja aliruka kwenye kiti, Msusi akamkalisha kwa kumshika bega.

Kivuli cha nyumba ya jirani kilikuwa kimeshafika kizingitini wakati filimbi ya kituo cha treni iliposikika, ile ya kwanza, fupi. Mama Tochi akajikuta amesimama. Hakuwa ameamua, magoti ndiyo yaliyoamua. Nywele za bandia zikamwagika sakafuni.

"Bibi, unakwenda wapi, utamu ndio huu," mteja alisema bila kuondoa macho kwenye picha.

"Tochi," Fundi akaita.

Hakuwa amemwita jina hilo tangu giza liingie.

"Abee."

"Kaa leo. Hapa hakuna watu wa kufunguliwa mlango. Tazama mwenyewe, macho unayo. Mimi nimekusimulia vya kutosha."

Nyuma ya Mama Tochi buti za askari zilikuwa zinakimbia juu ya mawe ya kituo. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu. Miaka yote ile alikuwa na hamu ya kugeuza shingo, akiwa amelishika pazia lile zito, akisikia watu mia wamebana pumzi nyuma yake. Sasa mwisho ulikuwa pale kwenye televisheni, wake, bila bosi, bila komeo. Na Fundi amekaa gizani kwake, viganja juu ya magoti, kama mtu anayekabidhi funguo. Akiutazama, Fundi hatakuwa na kitu tena cha kumsimulia, leo wala siku nyingine.

"Nani kakwambia nataka kutazama?" alisema. "Mlango ukichelewa watu watakanyagana."

"Watu gani?"

"Mimi na wewe. Inuka."

Akatungua tochi msumarini, mahali inapokaa kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Akafungua mlango wa saluni, akalishika pazia jepesi kwa mikono miwili, akasimama uso barabarani, mgongo kwenye picha. Alisikia kiti kinasukumwa, kisha kiganja kinachopapasa ukuta, kisha viatu. Kiganja kikamfikia, kikamkaa begani. Wakashuka kibarazani.

"Haya," alimwambia. "Yule mwanamke aliiwahi treni?"

Walipita mbele ya dirisha, wakapita pipa la maji. Huko ndani filimbi ikalia tena, ndefu. Magurudumu yakaanza, yakashika kasi, yakafifia, na baada ya kufifia kukawa na kimya ambacho kilichukua muda kabla ya muziki kuja, mdogo, kama umetoka chumba cha pili. Mama Tochi akasubiri kicheko cha mteja. Hakikuja.

Aligeuka mara moja tu. Msusi na mteja walikuwa wamesimama mlangoni, mteja na kichwa chake cha nusu, anajipangusa chini ya jicho kwa ncha ya taulo la saluni. Uso ule Mama Tochi aliujua. Ulimpita mlangoni miaka na miaka.

"Bibi," Msusi alisema, "lakini yule..." Akauona mkono wa babu yake ulivyokaa begani kwa bibi yake. Akafunga mdomo.

"Nani huyo?" Fundi aliuliza.

"Mke wako mdogo."

"Anataka nini?"

"Anasema tusichelewe kurudi."

"Mwambie apike kwanza, la sivyo namwacha."

Msusi alisikia. Alicheka akiwa amejiziba kinywa, akamshika mteja mkono, wakarudi ndani wakashusha pazia.

Fundi alikohoa, akasafisha koo. Vidole vyake vikakaza begani.

"Treni ilikuwa imeshaanza kutembea," alisema. "Na siku hiyo, unajua, siku hiyo kulikuwa na ukungu."

Ukungu haukuwahi kuwamo katika masimulizi yake. Mama Tochi aliwasha tochi, akafunika kioo chake kwa vidole. Mwanga ukatoka mwembamba, ukaanguka mbele ya miguu ya mtu asiyeuona, na yeye akapunguza mwendo, maana barabara yao ilikuwa fupi.