Kamba Isiguse Udongo

Mimi na jembe hatujawahi kupatana. Nilizaliwa Kahororo, mjini Bukoba, binti wa Omary fundi cherehani, na nilipoolewa Kishanda wifi zangu walikuwa wanakuja makusudi kutazama ninavyolima. Walisema nashika mpini kama mtu anayekoroga uji. Mume wangu Mujuni hakucheka hata siku moja. Alisema kila mtu ana chombo chake, na changu atanitafutia.

Alikipata kwa Kanubhai. Vita na Uganda vilikuwa vimekwisha, na Wahindi wa Bukoba walikuwa wanafunga maduka kimya kimya, mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Kanubhai, aliyekuwa amemwajiri Mujuni dukani kwake kwa muda mrefu, naye akafunga. Siku mbili kabla ya kuondoka, mkewe Sushila akiwa mlangoni anafunga sufuria kwa magazeti huku machozi yanamtoka, Kanubhai aliingia stoo akatoka na mashine ya kufyekea majani ambayo mteja aliiagiza kabla ya vita asirudi kuichukua. Ilikuwa bomba refu lenye injini ndogo upande mmoja, na upande wa pili kichwa kinachozungusha kamba ya nailoni. Akampa Mujuni, bure.

"Hii inakula mafuta ndani ya mafuta," alimwambia. "Usisahau. Ukiipa petroli tupu utaiua."

Sasa mafuta kwetu ni neno pana mno. Mujuni alirudi nyumbani akachukua petroli, akatia ndani yake mafuta yangu ya kupikia, yale ya pamba, akavuta kamba ya kuwashia. Mashine iliwaka. Moshi mweupe ulitanda kwenye migomba, na kibanja kizima, shamba letu lote la migomba na mibuni, kikanukia maandazi. Kesho yake alipanda gari hadi mjini kumwahi Kanubhai kabla hajaondoka, na mzee yule alicheka mpaka akakaa chini kwenye sanduku lake la safari. "Oili, bwana! Oili ya injini!" Ndiyo mara ya mwisho kuonana, na nimefurahi siku zote kwamba waliachana wakicheka.

Basi Mujuni akajifunza, kisha akanifundisha mimi. Wapo wanawake ambao waume zao waliwasifu macho na shingo. Wangu aliniambia zima kwanza. Majani yamejisokota kwenye kichwa, zima kwanza. Unataka kurefusha kamba, zima kwanza. Tangi limekauka, zima, kisha ngoja ipoe, petroli haimwagwi kwenye injini ya moto. Alinivalisha suruali yake na mabuti, akanifungia miwani ya kuchomelea vyuma, na kanga akaniwekea mbali kabisa kwa sababu kamba ile ikidaka pindo itakuvuta nalo. Kabla ya kuwasha tulikuwa tunatembea wawili polepole, tukiokota mawe na vipande vya chupa. Nilikuwa naupenda mwendo huo kuliko kitu kingine chochote. Hatukuwa na mtoto, na mwendo ule ulikuwa kama tunatafuta kitu tulichokiangusha, na hatukuwa na haraka ya kukipata.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: kamba isiguse udongo. Anaweka shubiri yake chini ya kichwa cha mashine kunionyesha. Ikigusa udongo inarusha mawe, anasema, na mawe hayachagui jicho. Kata juu, acha ardhi ilale.

Halafu akaanza kukonda. Ugonjwa ule, ambao baadaye uliitwa ukimwi, watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo yaliyokuwa fasheni, kana kwamba ukiupa jina la nguo utaweza kuuvua. Yeye kitandani, mimi nje na mashine, ikikataa kuwaka naingia ndani kulalamika: "Imekufa." Anafumbua macho, anakasirika kwa nguvu kidogo zilizobaki. "Haijafa. Imezima. Toa plagi uisugue, osha chujio la hewa kwa sabuni." Ninakwenda, nasugua, naosha, inawaka. Naye huko ndani anasikia, anatabasamu. Nilikuwa naisugua ile plagi kama ndiyo dawa yake.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mwanzoni mwa mvua za masika.

Matanga hayajapoa, kaka yake Clavery akasimama mbele ya watu. Clavery ni mtu wa koti, hata juani. Alisema wazee wa ukoo watakuja mvua zikiisha kutazama kibanja. Wakikuta pori, kibanja kinarudi kwenye ukoo, maana mjane hana mtoto, tena ni mtu wa mjini, tena Mwislamu. Ukoo wenyewe ni nani kama si Clavery, mwenye kibanja kinachopakana na chetu. Sikuwa na kwingine pa kwenda. Baba alikuwa amekwisha fariki, na nyumba ya Kahororo ilikuwa ya kupanga. Zaidi ya hayo, Mujuni alikuwa pale.

Nilibaki na mama mkwe wangu, Immakulata. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache na yote yana ncha. Mashine aliichukia. Aliiita nyuki wa Mhindi, na kila nilipoiwasha alikuwa anahamisha kigoda chake upande wa pili wa nyumba. Alikuwa amezika watoto wanne, Mujuni wa mwisho kati yao, na Clavery ndiye aliyebaki. Mimi sikujua kama na mimi ninao ugonjwa. Hakuna aliyejua kitu miaka hiyo. Mtu alikuwa anajitazama mikono asubuhi, akitafuta dalili, na kuendelea na kazi.

Mvua zile zilikuwa nzuri, na nilizichukia. Magugu yalipanda mpaka magotini, na Mujuni alipoondoka aliondoka pia mtu wa kuniletea petroli kutoka mjini. Ningeweza kulima kwa jembe, hata kwa mwendo wangu wa kukoroga uji. Lakini kwetu kijijini mtu akifa hakuna kushika jembe mpaka msiba uishe, na mwaka ule misiba ilikuwa inapokezana. Unamaliza huku, unasikia kilio ng'ambo. Majembe yalikaa darini yakashika kutu. Vibanja vya watu vilianza kufanana na rweya, ile mbuga ya nje ambako hakuna anayelima.

Hatimaye dereva mmoja wa lori, rafiki wa Mujuni, akaniletea petroli na oili. Nikafurahi kwa mchana mmoja. Jioni yake jirani yetu Mutembei akafariki, na wazee walikuwa wanakuja wiki ileile. Nilimwona Clavery msibani, katulia ndani ya koti lake. Hakuhitaji kufanya lolote. Angengoja tu majani yamfanyie kazi.

Nilikwenda kukaa chini karibu na kigoda cha mama mkwe.

"Mama, jembe linakatazwa kwa nini hasa?"

"Ardhi imefunguliwa kumpokea mtu. Mwingine asiifungue mpaka ijifunge yenyewe."

"Na anayekata majani bila kuifungua?"

Alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu mazishi. "Huyo nyuki wako hagusi udongo?"

"Akigusa anaharibika. Mujuni alinikataza kabisa."

Alitia buni mdomoni, akatafuna. Jina la mwanawe lilikuwa limeingia kati yetu na kukaa kama mgeni.

"Basi usiuguse," alisema. "Watu wakilia kwa Mutembei, zima. Ukikwaruza hata kidogo Clavery atauona, maana atakuja kutafuta hicho tu. Na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Nikafanya kazi. Sijui niielezeje. Asubuhi ukungu ulikuwa unalala kwenye migomba na sikuona mbali zaidi ya ncha ya bomba langu. Kamba inaimba, majani yanalala, na harufu yake mbichi inapanda pamoja na moshi mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Nilizunguka mibuni nikiwa mbali nayo kidogo nisiichubue magome. Kilio kikisikika ng'ambo nazima, nasimama na mashine begani mpaka kitulie, kisha navuta kamba ya kuwashia. Baada ya muda sikujua tena kama ninachosikia ni kilio au ni mlio uliobaki masikioni. Mujuni alikuwa anatangulia mbele yangu, ameinama, anaokota mawe. Sikushangaa. Nilimwambia, angalia hapo, kuna chupa, naye akaiokota. Kila tulipofika mwisho wa mstari nilitaka kibanja kiwe kikubwa zaidi.

Sehemu ya mwisho ilikuwa kando ya kaburi lake. Jua lilikuwa limeshuka na mwanga mwekundu ulipita chini ya migomba. Nilimwona ameketi pale, mzima, amenenepa, miguu ameinyoosha. Alitandaza shubiri yake juu ya nyasi kunionyesha kimo, na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha mikono nimguse.

Sauti ya kamba ilibadilika. Nikazima.

Ulikuwa mkwaruzo mdogo, urefu wa kidole, udongo mwekundu umetoka nje. Pembeni hapakuwa na mtu. Nilipiga magoti nikautazama, nikaogopa hata kuufukia, maana kuufukia ni kuugusa tena. Nikautupia majani niliyokata, nikaingia ndani nimevaa suruali ya marehemu, nikalala bila kula.

Asubuhi wazee walikuja wakiongozwa na Mutalemwa, mzee wa ukoo, mfupi, mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Walitembea kibanja chote. Kilikuwa kisafi ajabu, hata mimi nilikishangaa. Migomba ilisimama kwenye majani yaliyolala kama kwenye mkeka. Mutalemwa alisema "waitu, waitu" mara kadhaa, kwa sauti ya mtu aliyeridhika. Clavery hakutazama migomba. Alikuwa anatazama chini, anafunua majani kwa ncha ya kiatu, hatua kwa hatua, mpaka akafika kaburini.

"Njooni muone," akaita.

Nilifunga macho. Nilipofumbua nilidhani bado naota. Niliacha mkwaruzo wa kidole. Mbele yetu palikuwa na shimo, la kuingia kichwa cha mtu, kingo zake zimekatwa sawasawa na jembe, udongo umelundikwa kando.

"Mutembei bado analiliwa," alisema Clavery, "na huyu amechimba. Kwenye kaburi la ndugu yangu!"

Mutalemwa alinigeukia. Nilifungua mdomo, nikijua kwamba nikitaja mkwaruzo nimekwisha, na nikikana nitakuwa nimesema uongo juu ya kaburi la mume wangu.

"Nimechimba mimi," alisema mama mkwe.

Alikuwa amekuja nyuma yetu na kigoda chake. Alikiweka chini, akakaa.

"Mama!" Clavery alisema.

"Mama nini? Nilikuwa napima mahali pangu. Nataka kulala hapa, ubavuni kwa Mujuni. Nimevunja mwiko, najua. Mutalemwa, nitoze lubisi, nitakamua ndizi, mnywe. Lakini huyu hajagusa udongo. Kamba haichimbi shimo la namna hii, hata mtoto anajua alama ya jembe."

"Mahali pako ni kwangu," Clavery alisema. "Kwa baba."

"Kwa baba yako msalaba hauonekani kwa magugu. Nilale huko niote nini? Nitalala kwa mtu atakayenifyekea." Akanyoosha kidole kwangu, bila kunitazama. "Mwenye nyuki."

Mzee mmoja alikohoa, na nadhani alikuwa anacheka. Mutalemwa alizungusha fimbo yake mkononi, kisha akasema mjane anabaki kwenye kibanja chake, kwa kuwa ni kisafi na kwa kuwa mama wa marehemu amekwisha chagua pa kulala, na faini ni lubisi. Clavery alifunga vifungo vya koti lake vyote na kuondoka.

Walipotoweka nilibaki nimesimama palepale. Mama mkwe alikuwa anapangusa udongo kwenye viganja. Mwanamke huyu hakuwahi kushika jembe wakati wa msiba maisha yake yote. Alikuwa amewahi kumfukuza binti yake shambani kwa kosa hilohilo.

"Nilikusikia jana sauti ilipobadilika," alisema. "Nikaja alfajiri nikauona mkwaruzo wako. Mdogo tu. Nikaona nikiuacha utakuwa wako, nikiuchimba mkubwa utakuwa wangu."

Nilikaa chini, nikaegemea goti lake, nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi. Aliacha nilie. Baadaye aliitazama mashine iliyoegemezwa ukutani.

"Mbona kimya? Amekufa?"

"Hajafa, Mama. Amezima tu."

Akatikisa kichwa kukubali, kama vile ni habari aliyokuwa anaingoja. Kisha akanishika mkono, akaugeuza chini juu, akautazama kwa makini kama nilivyokuwa nautazama mwenyewe kila asubuhi.

"Shimo nimekwisha lianza," alisema. "Sasa usinitangulie."