Mkono Juu ya Uwanja

Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya shule pale mkono wake wa kushoto ulipoanza kurefuka. Akaona ni vyema, maana chakula cha mchana kilikuwa kinapoa.

Tangu utotoni yeye na dada yake walikula sahani moja. Hata walipoolewa, walipanga nyumba zilizotazamana uchochoroni, dirisha kwa dirisha, wakawa wanapokezana sahani, mkasi na umbea bila kuinuka vitini. Kisha uchochoro ukabomolewa, watu wakahamishiwa maghorofani. Sasa dada alikaa jengo la mbele, na kati yao kulikuwa na uwanja mpana usio na mti wala benchi, umekatwa katikati kwa uzio. Kumfikia ilibidi utokee barabara kuu, uzunguke mtaa mzima, na magoti ya dada yalishagoma ngazi. Dada alijaribu kula peke yake, akashindwa, akaacha kula.

Mkono ulivuka uwanja, ukagonga dirisha la ghorofa ya tatu. Dada akaitambua pete, akapiga simu.

"Mkono mtupu haulambwi, mdogo wangu."

Ukarudi, ukapeleka sahani. Sahani ikaenda na kurudi mpaka ikaisha, na fundi akafurahi kama mtoto.

Haikuchukua muda watu wakagundua kivuli cha mkono. Muuza magazeti alileta ndoo, akaikalia. Wazee wa drafti wakafuata. Majirani waliokuwa wakipishana ngazini kama mabubu wakaanza kujuliana hali, kisha kusengenyana, mambo yakawa mambo. Jua liliposogea, nao walisogea.

"Fundi, shusha kiwiko kidogo!" waliita.

Mhandisi wa halmashauri akaja, akakaa kivulini, akaridhika.

"Mlilalamika uwanja mkubwa mno. Mbona watu wamejaa?"

"Wamejaa chini ya mkono wangu, bwana mhandisi. Tutobolee basi mlango kwenye uzio, niwe napita kwa dada."

"Mlango wa nini, mama, na mkono upo?"

Akamwomba asiukunje kabla ya alasiri, kwa kuwa wageni watakuja kutazama. Majengo mapya, alisema, yataachiwa nafasi mara mbili ya hiyo. Fundi akajifunza kushona kwa mkono mmoja, na kutoka dirishani ikawa haiwezekani tena.

Siku moja sahani ilipoisha, dada hakuuachia mkono. Aliuweka shavuni.

"Mkono nimeshauzoea," alisema kwenye simu. "Wewe mwenyewe utakuja lini?"

Fundi akakaza macho. Ng'ambo aliona kitambaa cha kichwa tu, kidogo kama kifungo. Akaupapasa uso wa dada yake taratibu, paji, pua, mashavu yaliyobonyea, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba mwenzake amezeeka.

Kule chini mzee mmoja wa drafti akapiga kelele kwamba kivuli kinatikisika.